Nyumba ya Kandt, Kigali: watu wa Goma, fikeni

Nilivuka Petite Barrière, kivuko cha mpaka kati ya Goma ya Kongo na Gisenyi ya Rwanda, alfajiri na mtoto wa dada yangu, miaka kumi na mmoja, tukapanda basi la kwenda Kigali. Basi lilichelewa sana, lakini nyumba yenyewe, ambayo sasa ni makumbusho, kule Nyarugenge, ilinifuta uchovu wote.

Hapa aliishi Richard Kandt, daktari Mjerumani. Mwaka 1898 alifika mto Rukarara, msitu wa Nyungwe, akitafuta chanzo cha Nili. Baadaye akakaa Shangi, kando ya ziwa letu hili la Kivu, kisha akawa mwakilishi wa Ujerumani nchini Rwanda na kuanzisha Kigali. Utaona maisha ya Wanyarwanda kabla ya ukoloni, enzi za Wajerumani hadi 1916, na jinsi mji ulivyokua.

Mimi nilikwama kwenye picha za zamani. Zilinikumbusha kwamba mwaka 1910, Kandt akiwa bado madarakani, Wabelgiji, Wajerumani na Waingereza walikubaliana huko Brussels juu ya mipaka ya eneo letu. Bibi yangu alizaliwa Gisenyi akaolewa Goma. Mstari ule wa mpaka unapita katikati ya ukoo wetu. Nilisimama pale muda mrefu, koo limenibana.

Mtoto yeye alipenda nyoka na mamba walio hai. Alifurahi pia kujua kwamba yule kima wa dhahabu wa Virunga, kwa jina la kisayansi, anaitwa kwa jina la Kandt.

Jipeni saa mbili nzima. Mkiwa na wazee, waleteni. Mimi narudi na bibi mwezi ujao.