Matembezi ya Eyam: kijiji nyota tano, mtembezaji simpi hata moja

Mtu halipii kutembezwa Eyam, kijiji kidogo cha Derbyshire, Uingereza, ili aone maua madirishani. Analipia habari za tauni ya 1665 na 1666. Sasa mtembezaji anayeliruka Jiwe la Mpaka anauza nini?

Jiwe ndilo habari yenyewe! Juni 1666 kasisi William Mompesson, akishirikiana na mtangulizi wake Thomas Stanley, aliwashawishi wanakijiji wasitoke, wasije wakaeneza maradhi vijiji vya jirani. Chakula kikawa kinaachwa mpakani. Jiwe lile lina matundu sita. Wanakijiji wakiyajaza siki na kutumbukiza humo sarafu za kulipia chakula, kwa imani kwamba siki inaondoa ugonjwa. Matundu yapo hadi leo, kingo zimelainika, kidole kinaingia. Tukauliza mbona hatwendi. "Ni jiwe tu," akatujibu, huku keshageuka.

Akatangaza pia kwamba wakazi walikuwa 350 wakafa 260. Hiyo 350 ni hesabu ya zamani. Waliopekua kumbukumbu upya wanakadiria karibu 700, maana yake walionusurika ni wengi kuliko waliokufa. Kuulizwa kidogo tu, akafoka tukasome wenyewe.

Nisimdhulumu: kwenye nyumba za tauni alieleza vizuri. Kitambaa kilitoka London kikiwa na unyevu, George Viccars, msaidizi wa mshona nguo, akakianika mbele ya moto, viroboto wakatoka, na Septemba 1665 akafa. Hapo nilikuwa tayari kumpa nyota tatu. Kisha tukafika makaburi ya Riley, ambako Elizabeth Hancock alizika mume na watoto sita ndani ya siku nane, Agosti 1666. Watu wamenyamaza, yeye anachezea simu na kutuhimiza basi linasubiri. Nyota zote nikazirudisha.

Eyam nendeni, tena bila mtembezaji. Anzeni jumba la makumbusho, kisha uwanja wa kanisa: upo msalaba wa Kisaksoni wa karne ya 8 na kaburi la Catherine, mke wa Mompesson, aliyekufa Agosti ileile. Riley iko nje ya kijiji upande wa mashariki, njia ya kupanda. Jiwe la Mpaka liko malishoni, kwenye njia ya miguu ya kwenda Stoney Middleton. Mvua ikinyesha pana tope, kwa hiyo vaeni buti.