Mitego ya fuko: upi ununue, upi uuache dukani

Ukikuta vifusi vya udongo mbichi vimejipanga bustanini, na shina la kiazi mviringo unalivuta linatoka peke yake bila kiazi, mgeni wako ni fuko. Kabla hujakimbilia soko la Mwanjelwa kule Mbeya au Soko Kuu la Iringa na pesa mkononi, tazama kama kuna shimo lililo wazi. Fuko haachi mlango wazi. Shimo wazi ni la panya, na kama ngumi inaingia, huenda ni panya buku, ambaye huweza kuzidi kilo moja na anahitaji kizimba chake. Hapa tunamzungumzia fuko tu.

Tabia hiyo ya kuziba ndiyo inayoamua mtego upi una thamani. Fuko karibu haoni kitu, lakini njia yake ya chini ya ardhi ikitobolewa upepo ukaingia, anahisi, anakuja akisukuma udongo ili azibe. Mtego unaofaa ni ule unaokaa ndani ya njia ukimngoja aje kuziba. Chambo hakina uzito mkubwa: mtu anayeishi katikati ya viazi vyako utamtamanisha kwa karanga? Muuzaji akianza kusifia chambo, ujue anakuuzia mtego wa panya.

Nafasi ya kwanza: kitanzi cha waya na ufito. Ndio wa bei ndogo kuliko yote, na ndio bora. Nunua waya wa breki ya baiskeli, tafuta kopo la nyanya la gramu 400 ulikate pande zote mbili, kisha kata ufito mbichi unaopinda bila kuvunjika. Mianzi Iringa imejaa, ila usiguse ule wa mtu anayegema ulanzi, utazua kesi nyingine. Fukua njia kati ya vifusi viwili vibichi (choma ardhi kwa nondo, inapozama ghafla ndipo njia ilipo), ingiza kopo, tandaza kitanzi ndani yake, kisha uzi wa kufyatulia uupitishe nyuma ya kitanzi. Fuko akisukuma udongo anaukata uzi, ufito unaruka, kitanzi kinambana. Kwenye udongo wa majivu ya volkano kama wa Uyole, kopo ni lazima, kwa sababu njia hubomoka ukiigusa tu. Kwenye udongo mwekundu mgumu unaweza kufanya bila kopo. Kitanzi cha nailoni usinunue kabisa. Mnyama huyu anachimba kwa meno.

Kama huna mkono wa kutega, mlipe kijana wa kijijini anayejua. Mara nyingi gharama yake ni ndogo kuliko mtego wa chuma.

Ya pili: mtego wa chuma wa kubana, ule unaofuliwa na mafundi wa kuchomelea. Unafaa kwa mtu asiye na muda wa kuhangaika na ufito. Ukiwa dukani, ufyatue kwa kijiti mara kadhaa: springi ikilegea mapema, urudishe. Hakikisha ukiwa umefunguka unaingia kwenye njia ya upana wa kopo lile la nyanya, na uwe na mnyororo wa kufungia kwenye kigingi. Funika tobo kwa kipande cha bati na jiwe juu, maana kuku na watoto hawajui kusoma onyo.

Ya tatu: bomba lenye mlango wa kuingia tu. Chukua la chuma. La plastiki atalitafuna. Linamkamata mzima, halafu unabaki unajiuliza umpeleke wapi. Kumwachia nyuma ya uzio ni kumhamishia jirani shida.

Ya nne: mtego wa panya wa mbao. Kwa kawaida ni rahisi kuliko kilo ya sukari, na ndiyo sababu watu wanaununua. Fuko huja na udongo mbele, hivyo mtego hufukiwa au hufyatuka bure. Gundi ya panya ni hasara zaidi: vumbi likishaipaka hainasi tena.

Mwisho kabisa: sumu. Vipakiti visivyo na lebo vinavyotembezwa mitaani usivilete nyumbani. Fosfidi ya zinki ikifika tumboni hutoa gesi ya fosfini, na haina dawa ya kuikata makali. Mbwa akiila, unaweza kumpoteza. Ukilazimika, nunua kiuatilifu kilichosajiliwa na TPHPA tu (Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania), na usikiweke kwenye tuta la chakula.

Utapewa pia ushauri wa kupanda utupa. Ni jamii ya kunde na unarutubisha udongo, kwa hiyo panda ukipenda, mbali na bwawa la samaki kwa sababu sumu yake huwaua. Usiuhesabu kama mtego.

Nunua mitego miwili, mmoja kwa kila upande wa njia uliyoifukua, kwa kuwa hujui atatokea wapi. Nyanda hizi za Juu Kusini zina mafuko wanaoishi mmoja mmoja na wengine wanaoishi kifamilia, kwa hiyo ukinasa mmoja usishangilie. Tega tena palepale. Njia ikikaa wazi siku mbili bila kuzibwa, ng'oa mitego, isafishe kwa maji, na waya uupake grisi usishike kutu.