Kabati la vioo la kuzunguka kwa maduka ya Arusha: mota izungushe, isibebe

Mwenye duka akienda kununua kabati la kuzunguka, huangalia vioo, hugonga alumini kwa kidole, huwasha taa, kisha hutoa hela. Kinachoamua kama kabati litadumu hakionekani. Kiko chini ndani ya kitako, na hakizidi upana wa kiganja. Hapa tunapima kabati lile la kusimama linaloletwa kupitia Kariakoo, la sm 40 kwa 40, kimo karibu sm 160, rafu nne, mota ya umeme wa ukutani, pamoja na mwenzake anayetengenezwa hapahapa na mafundi wa alumini. Tumelipima kwa mahitaji ya maduka ya mjini kati, Barabara ya Boma, Goliondoi, Sokoine: tanzanaiti, fedha, saa, miwani, manukato, vumbi la kiangazi, na umeme unaokatika bila kubisha hodi.

Kwanza ujue kuna aina mbili, ingawa dukani utaambiwa "ni zilezile tu, bosi". Si zilezile. Aina ya kwanza sanduku la vioo limetulia, na rafu za duara ndizo zinazozunguka ndani yake kwenye shafti ya katikati. Aina ya pili kabati zima linazunguka juu ya kitako, vioo, mlango na vyote vilivyomo.

Piga hesabu ya uzito. Kioo cha mm 5 kina kilo 12.5 kwa mita moja ya mraba. Rafu ya duara yenye kipenyo cha sm 34 ni kilo moja na kidogo, kwa hiyo zote nne hazifiki kilo 5. Kwa aina ya pili, kuta nne za sm 40 kwa 150 peke yake ni kilo 30, hujaweka rafu, alumini wala bidhaa. Na mota utakayokuta chini mara nyingi ni ya ukubwa uleule. Halafu mlango nao unazunguka: mteja akitaka kuona pete, muuzaji asubiri mlango umfikie au akimbilie swichi. Sisi tunachagua aina ya kwanza bila kusita. Kasoro yake ni moja, pembe nne za sanduku hubaki tupu, maana rafu ya mraba haiwezi kugeuka ndani ya sanduku la mraba bila kugonga kioo.

Sasa twende kwenye kitako. Mota iliyozoeleka ni ya sinkronasi, yaani inayozunguka kwa mwendo uleule daima, bapa, ina gia ndani, kipenyo mm 49 au mm 60. Ile ndogo inakula wati 4 hivi, kubwa wati 14. Shafti yake ni ya mm 7, imechongwa bapa upande mmoja ili skrubu ya kubana ipate pa kukaa. Ni mota nzuri, haina kelele, na bei yake haiumizi. Ila gia zake ni vijigurudumu vyembamba, na kwenye nyingi baadhi ni za plastiki. Zimeundwa kusukuma mzigo uzunguke, hazikuundwa kuubeba mzigo.

Ndiyo maana kipimo cha kwanza ni hiki: chomoa plagi, fungua kitako, toa skrubu za mota, ichomoe kabisa. Rafu zikibaki zimesimama, na ukizigusa zinazunguka laini, basi uzito umelalia kwenye beringi na kabati limeundwa na mtu anayejua. Shafti ikishuka pamoja na mota, uzito wote ulikuwa juu ya gia. Liache hapohapo. Muuzaji akikataa usifungue kitako, hilo nalo ni jibu.

Beringi inayotakiwa ni ya kubeba uzito kutoka juu, ile ya sahani mbili na gololi katikati. Namba 51105 inafaa shafti ya mm 25. Kipenyo chake cha nje ni mm 42 na unene mm 11. Juu kabisa shafti ishikwe na bushi ya nailoni au beringi ndogo ili isiyumbe. Makabati mengi ya bei rahisi yana gololi za plastiki kwenye mfereji wa bati. Zinafanya kazi zikiwa mpya. Vumbi likishaingia, gololi hukwama, zinaburuzwa badala ya kubingirika, na mota inaanza kupata joto.

Dalili za ubovu zinasomeka, usikimbilie kununua mota mpya. Kabati likitoa tik, tik palepale kila linapozunguka, ondoa bidhaa zote kisha ulijaribu likiwa tupu. Sauti ikiisha, tatizo ni mzigo wa upande mmoja au kitako hakijakaa sawa: weka pima maji juu ya kitako, rekebisha miguu, kisha panga vitu vizito vikitazamana. Sauti ikibaki, huenda jino la gia limevunjika. Mota ikiunguruma na haizunguki, kuna kitu kimekwama, rafu imegusa kioo au beringi imekauka, zima haraka. Mota ikizunguka lakini rafu zimetulia, skrubu ya kubana imelegea. Igeuzie kwenye ule upande bapa wa shafti, itie tone la gundi ya nati, kaza.

Kinachoua gia kuliko vyote ni mkono. Mtu anataka kuona upande wa nyuma, anasukuma rafu. Mtoto anaona ni mchezo. Gia hizi hazikubali kurudishwa nyuma kwa nguvu, kitakachotokea ni jino kukatika. Dawa ni kiungo cha kuteleza kati ya mota na shafti: sahani mbili, washa ya ngozi au kitambaa kinene katikati, na springi ya kuzikandamiza. Ukisukuma, sahani zinateleza na mota haijui kilichotokea. Makabati yaliyotoka kiwandani yakiwa nacho ni machache. Fundi wa kuchonga vyuma anaweza kukiongeza.

Mwendo. Soma karatasi ya mota: mizunguko 2.5 kwa dakika ni sekunde 24 kwa mzunguko mmoja, na hapo mtu anasoma hata kibandiko cha bei. Mizunguko 5 bado inavumilika kwa saa na miwani. Zaidi ya hapo hereni zinabembea na stendi nyepesi zinatembea polepole hadi ukingoni mwa rafu. Mota hizi zinafuata masafa ya umeme (Hz), siyo volti. Ndiyo sababu kabati lililotumika lililotoka Marekani, la volti 120 na Hz 60, hata ukiliwekea transfoma litazunguka pungufu kwa sehemu moja ya sita, na litachemka zaidi, kwa kuwa transfoma haigeuzi Hz 50 zetu kuwa 60. Ukiona umeme umekatika, ukarudi, na kabati likaanza kuzunguka upande mwingine, usiogope. Mota za namna hii zisizo na kapasita huanza upande wowote.

Chunguza pia nyaya za taa. Kwenye aina ya pili, taa zikiwa ndani ya sehemu inayozunguka, umeme lazima upite kwenye pete na brashi za kugusana. Brashi zikiingia vumbi, taa zinapepesa. Aina ya kwanza haina usumbufu huo kwa kuwa taa zimefungwa kwenye sanduku lisilotembea.

Upande wa umeme, kasoro kubwa ya makabati ya kuagizwa ni waya wa nyuzi mbili na plagi ya miguu bapa inayochomekwa kwa adapta legelege. Mwili ni alumini, kila mteja anaugusa. Badilisha waya uwe wa nyuzi tatu, ule wa ethi ufungwe kwenye alumini kwa skrubu na washa ya meno, uweke plagi ya miguu mitatu yenye fyuzi ya ampea 3. Fyuzi ya 13 inayokuja na plagi ni kubwa mno kwa mzigo mdogo hivi. Weka pia kile kilinzi cha friji kinachochelewesha umeme ukirudi. Si kwa ajili ya mota, ni kwa ajili ya adapta ya taa, ndiyo hufa kwanza. Wenye inveta za bei rahisi watasikia mota ikinguruma na kupata moto. Kama duka lako linategemea inveta au sola, tafuta mota ya volti 12.

Taa nazo zina hesabu. Mikanda minne kwenye pembe, mita 1.4 kila mmoja, ni mita 5.6. Mkanda wa kawaida wa wati 4.8 kwa mita utakula wati 27. Adapta ya volti 12 na ampea 2 inatoa wati 24 tu, na ndiyo utakayoikuta kitakoni ikinuka plastiki. Weka ya ampea 3. Mota kubwa na taa kwa pamoja ni wati 41. Ukifungua saa kumi kwa siku, uniti moja ya LUKU inakaa zaidi ya siku mbili. Gharama ya umeme si sababu ya kulikataa kabati hili. Likiwa na taa ya juu peke yake, likatae au ongeza mikanda ya pembeni, maana rafu ya juu na bidhaa zake hutia kivuli rafu zote za chini.

Kwa tanzanaiti, hapa ndipo kabati la kuzunguka linapojilipia. Jiwe hili la Mirerani lina rangi tofauti kulingana na upande unaolitazama: lililochomwa likakatwa linatoka kwenye bluu kwenda zambarau, na ghafi lina hata wekundu wa kahawia. Kwenye kabati la kawaida mteja anaona rangi moja. Likizunguka taratibu, anasimama mwenyewe kusubiri bluu irudi. Ila chagua taa kwa uaminifu. Taa ya manjano, kelvini 3000 (kipimo cha rangi ya mwanga), inavuta jiwe kwenye zambarau na inapendeza kwenye dhahabu. Taa nyeupe, 5000 na kuendelea, inalivuta kwenye bluu. Mteja atatoka nje aangalie kwa mwanga wa jua. Rangi ikiwa nyingine kabisa, atarudi na maneno. Tunapendekeza nyeupe kwa rafu za mawe, na taa za zamani za halojeni zisikaribie, kwani tanzanaiti haipendi joto linalobadilika ghafla.

Vumbi. Kuanzia Juni hadi mvua za vuli linaingia hata duka likiwa na mlango wa kioo, na mwanya wa mlango wa kabati ukizidi mm 2 linajaa ndani. Bandika mkanda wa brashi pande zote za mlango, na matundu ya hewa ya kitako yafunikwe kwa sponji nyembamba ya kuoshwa kila wiki. Usifute jiwe kwa kitambaa kikavu. Vumbi lina chembe za mchanga zenye ugumu wa 7 kwa kipimo cha Mohs, tanzanaiti ni kati ya 6 na 7. Unachofanya ni kulipiga msasa. Puliza kwanza kwa mpira wa mkono, kisha brashi laini. Kitako nacho kiinuliwe sm 3 kutoka sakafuni, la sivyo maji ya kudekia yataifikia mota.

Vioo viwe vya tempa, yaani vilivyopikwa kwa joto kali viwe imara. Angalia alama yake pembeni ya kila kipande, siyo mlango tu. Kumbuka kioo cha tempa hakikatwi wala kutobolewa tena. Fundi akikigusa kwa drili kinageuka chembechembe, kwa hiyo tundu la shafti lazima liwe limetobolewa kabla hakijapikwa. Kila rafu ikae kati ya washa mbili za mpira, nati ikazwe kwa vidole na kuongezwa robo mzunguko, basi.

Kufuli ndilo tulilolipenda kidogo kuliko vyote. Ukiwa bado dukani, omba ufunguo wa kabati la pili uujaribu kwenye la kwako. Likifunguka, badilisha kufuli, na hata usipolibadilisha, mawe ya thamani yalale kwenye sefu.

Nani asilinunue? Muuza simu, mteja wake anataka kushika. Muuza vinyago vya mpingo pia, mti unaozama majini haufai kupandishwa rafu ya mm 5 inayozunguka.

Kati ya la kuagizwa na la fundi, la kuagizwa lina umaliziaji safi, la fundi lina kitako unachoweza kukifungua na kukitengeneza. Tungeagiza kwa fundi, kwa masharti yaliyoandikwa: rafu za tempa mm 5, kipenyo sm 34, zikiacha angalau sm 2 hadi kwenye kioo, beringi 51105, mlango wa kitako wenye skrubu, siyo silikoni, mota ya volti 220–240, Hz 50, mizunguko 2.5, na mota ya akiba ya vipimo hivyohivyo, yenye masikio ya skrubu mahali palepale, ifungwe kwa tepe ndani ya kitako.