TAHADHARI: Boti za "faiba tupu" zinazouzwa mitandaoni pamoja na mashine ya 40

Ndugu zangu wavuvi, pamoja na vikundi vinavyochanga fedha ili kununua boti ndogo ya mashine, ninaandika kuwatahadharisha kuhusu muuzaji anayetangaza mitandaoni boti anazoziita "faiba tupu", yaani zisizo na mbao ndani yake, za futi 21 hadi 23, zikiwa na mashine ya Yamaha ya nguvu farasi 40, kwa bei isiyozidi sana ile ya mashine hiyo peke yake ikiwa mpya dukani. Simtaji jina kwa kuwa malalamiko yameshafikishwa polisi, na hata kumtaja kusingesaidia sana, maana ukurasa wake hubadilika jina na picha kila lawama zinapozidi. Ninachoweza kueleza kwa uhakika ni kilichomo ndani ya boti zake, kwa sababu kazi yangu ni ufundi wa faiba hapa mwambao wa Tanga, na wenye boti hizo wamekuwa wakiniletea niwazibie nyufa.

Boti hizo si faiba tupu hata kidogo. Ni mashua za mbao zilizochakaa, ambazo sehemu zilizooza zimejazwa puti ya kunyooshea bodi za magari, kisha zikavishwa matabaka mawili membamba ya mkeka wa faiba na kupakwa rangi nje na ndani. Tabaka moja la mkeka wa gramu 450 kwa mita ya mraba, likishalowa resini (gundi ya maji inayokauka na kuwa ngumu) na kukauka, huwa na unene wa karibu milimita 1, kwa hiyo mnunuzi anauziwa ganda la milimita 2 lililofunika ubao ambao hakuna ajuaye umri wake. Sisemi kwamba mbao ni mbaya, kwani mashua iliyopigwa kalafati vizuri, yaani kuzibwa nafasi kati ya mbao, na kuangaliwa kila mwaka inaweza kumlea mvuvi na wanawe. Ubaya uko katika kuchanganya vitu viwili visivyopatana, kwa sababu resini ya poliesta haishiki vyema kwenye mbao zenye unyevu, na haishiki kabisa kwenye mbao ambazo kwa miaka mingi zimepakwa sifa, yaani mafuta ya papa. Ganda linabaki limeegemea tu. Likipata mkwaruzo mmoja maji ya chumvi huingia, na kwa kuwa yamefunikwa hayapati pa kutokea, ubao huoza kwa siri huku rangi ya nje ikiendelea kung'aa.

Kwa wenzetu wanaoegesha kwenye mchanga laini, boti kama hiyo huweza kudumu msimu mmoja au miwili kabla ya kujitangaza. Kwenye pwani za mawe haifiki mbali. Mahali kama Kigombe, Jambiani, Makunduchi au sehemu nyingi za Kilwa, chombo hukaa juu ya mwamba wa matumbawe kila maji yanapokupwa, na kwetu maji hukupwa na kujaa mara mbili kwa siku, tena wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kukupwa kupita kawaida, tofauti ya kina huzidi mita 3. Watu wengi hudhani kwamba hatari kubwa ni kugonga jiwe ukiwa mwendoni, lakini kinachoua boti polepole ni kile kipindi maji yanapoanza kurudi, ambapo chombo hakijaelea bado wala hakijatulia, na kila wimbi dogo hukiinua kidogo na kukibwaga juu ya mkuku wake, ule uti wa chini wa chombo. Uzito wote wa boti, mashine, mafuta na nyavu hushuka mahali pamoja. Ganda la milimita 2 haliwezi kuhimili hilo, na boti zote za muuzaji huyu nilizozipokea zilikuwa zimepasuka hapo hapo, kandokando ya mkuku, kuanzia katikati kuelekea tezi, yaani nyuma.

Ujanja wake wa kwanza ni kuionyesha boti ikiwa majini. Mnunuzi hupelekwa kuiona maji yakiwa yamejaa, boti imefungwa na inapendeza, mashine inaunguruma, na ukiomba ipandishwe pwani utaambiwa kwamba vijana wa kuvuta hawapo au kwamba kuna mteja mwingine anakuja saa hiyo hiyo. Hapo ndipo pa kuondoka. Boti hununuliwa ikiwa nchi kavu, mkuku wake ukionekana wote, na maji yakupwapo hakuna sababu yoyote ya kumzuia muuzaji mwaminifu asikuonyeshe.

Ikiwa juu ya magogo, igonge kwa mpini wa bisibisi kuanzia omo (mbele) hadi tezi, upande wa chini na ubavuni. Faiba nzima hutoa mlio mkavu unaofanana kila mahali, ilhali penye puti, ubao uliooza au tabaka lililoachana mlio hufifia na kuwa mzito. Angalia ndani pia, chini ya sakafu ya kukanyagia, na ujiulize kwa nini mtu apake rangi mpya mahali ambapo hakuna anayepaona. Harufu kali ya resini kwenye boti inayosemwa kuwa ya mwaka jana ni ushahidi kwamba imeguswa hivi karibuni. Jaribio ninalolipenda kuliko yote ni la bure: mimina ndoo kadhaa za maji ndani ya boti ikiwa imekauka kabisa nje, subiri, kisha pita chini yake ukitazama. Mahali maji yatakapochuruzikia ndipo bahari itakapoingilia. Fungua vilevile vyumba vinavyodaiwa kuwa na povu la kuielesha. Katika boti hizi nimekuta sponji ya magodoro, ambayo hunywa maji na kuongeza uzito, na nimekuta lile povu jeupe la kufungashia televisheni, ambalo likimwagikiwa petroli huyeyuka.

Ubao wa tezi unaobeba mashine nauweka peke yake, kwa sababu ukivunjika utapoteza mashine, na pengine maisha. Inua mashine kama unavyoinua ukiingia kwenye kina kifupi, shika sehemu ya chini karibu na propela, kisha sukuma juu na chini kwa nguvu huku mwenzako akitazama ubao huo kutoka ndani. Ubao ukicheza, au nyufa ndogo zikifunguka na kufumba kwenye kona, usiendelee na mazungumzo ya bei. Fungua hata boliti moja ya kufungia. Tundu likitoa maji meusi au unga wa mbao uliolowa, ndani kumekwisha.

Kuhusu mashine, wengi huipenda Yamaha Enduro ya 40 ya mchanganyiko wa oili na petroli kwa kuwa ni nyepesi kutengeneza na vipuri vyake hupatikana karibu kila bandari ndogo, na sifa hiyo ndiyo inayomnufaisha tapeli. Mashine nilizozikuta kwenye boti hizi zilikuwa za aina mbili: nakala zilizobandikwa nembo isiyo yake, na mashine za kweli lakini zilizokongoroka, ambazo kofia imepakwa rangi na kubandikwa stika mpya. Tazama bamba la namba kwenye mabano ya kufungia. Likiwa limekwanguliwa, limebandikwa upya au halipo, huenda hiyo mashine imeibiwa kwenye pwani ya mwenzako. Fika mashine ikiwa baridi na uiguse mwenyewe, kwani ikiwa imeshawashwa kabla hujafika kuna kitu kinafichwa. Legeza skrubu ya chini ya oili ya gia: oili iliyogeuka nyeupe kama maziwa imeingiliwa na maji. Mwombe fundi apime mgandamizo wa silinda zote mbili, ambao usitofautiane kwa zaidi ya asilimia 10 hivi, kisha mwende nayo baharini kwa mzigo, si kuiwasha ndani ya pipa. Hakikisha pia kwamba urefu wa shafti unalingana na tezi, yaani fupi ya inchi 15 au ndefu ya inchi 20, maana muuzaji huyu hufunga yoyote aliyonayo, na shafti fupi kwenye tezi ndefu humeza hewa na kuunguza mashine. Kwa pwani ya mawe, angalia kama pezi la chini ya propela limewahi kuchomelewa, na kama mashine inanyanyuka yenyewe ikisukumwa kwa nyuma. Ile isiyonyanyuka, ikigonga jiwe huhamishia kishindo chote kwenye ubao wa tezi.

Fedha huombwa kwa simu. Hudai nusu ya bei kama advansi, kwa maelezo kwamba boti iko njiani kutoka Unguja, na jina linalotokea wakati wa kutuma si lake, ila husema ni la mke au la mhasibu. Siku hizi ameanza pia kudai kwamba baadhi ya boti zake zimetoka katika mpango wa Serikali wa mikopo ya boti unaopitia Benki ya Maendeleo ya Kilimo, TADB. Mwenye nia ya mkopo huo aende kwa afisa uvuvi wa wilaya yake, kwani boti za mpango huo haziuzwi kwa kutuma advansi kwenye simu ya mtu binafsi. Kabla ya kulipa boti yoyote iliyotumika, omba namba ya usajili, cheti cha ukaguzi cha TASAC (Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania) kwa Bara au cha Mamlaka ya Usafiri Baharini kwa Zanzibar, na risiti ya EFD (ya mashine ya kodi) ya ununuzi wa mashine ya boti. Kisha wasiliana na BMU, yaani kikundi cha wavuvi kinachosimamia uvuvi, ya pwani anayosema boti ilikuwa ikivulia. Ikiwa hakuna hata mvuvi mmoja anayeikumbuka, jibu umelipata.

Mtaniuliza basi mnunue nini. Kwa mtu wa mawe, mimi sikubali kutengeneza boti ya futi 22 ambayo upande wake wa chini haufiki milimita 8 za faiba halisi, na mkukuni huongeza karibu mara mbili, kisha hufunga ukanda wa plastiki ngumu au chuma kisichoshika kutu ambao ndio utakaolika badala ya boti, na ukilika hubadilishwa. Hiyo haiwezi kuwa rahisi, na anayekuuzia kwa nusu ya bei ya wengine amepunguza mahali fulani. Alumini ya baharini, kama ile ya daraja la 5083, hubonyea mahali ambapo faiba hupasuka, ingawa wachomeleaji wanaoijua kwetu ni wachache na ni mwiko kuipaka rangi ya kuzuia magugu yenye shaba, kwa kuwa huila. Boti za plastiki ya polithilini huvumilia mawe kuliko zote, lakini gundi haizishiki, na zikitoboka zinahitaji kuchomelewa kwa kifaa maalumu. Kwa mfuko mdogo, ningemshauri mtu achukue mashua ya mbao ya kweli yenye mashine ya 15 kuliko kununua mbao zilizovishwa kanzu ya faiba.

Walioshanunua kwa muuzaji huyu wasiipeleke boti nje ya mwamba, hasa katika kipindi cha kusi, hadi ubao wa tezi na mkuku vikaguliwe na fundi asiye na uhusiano naye. Hifadhini ujumbe wote wa simu, picha za tangazo na kumbukumbu za miamala, mchukue RB (namba ya taarifa yenu polisi) katika kituo cha polisi kilicho karibu, na mtaje kwamba mauziano yalifanyika mtandaoni ili Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 izingatiwe. Penye mashine yenye nembo ya bandia, toeni taarifa pia Tume ya Ushindani, FCC. Msiziuze tena boti hizo kwa mtu mwingine ili kurudisha fedha zenu. Mbili kati ya nilizozipokea zilikuwa zimeshapita mikononi mwa mnunuzi wa pili, na huyo wa pili ndiye aliyezama nayo.