Matembezi ya Pango la Kuumbi, Jambiani

Nimesomesha historia kwa miaka mingi katika skuli moja ya mjini Unguja, na kila mwaka nilianzia Kizimkazi Dimbani, kwenye msikiti ambao maandishi ya kibla chake yanataja mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107. Baada ya kutembezwa kwenye Pango la Kuumbi, kijijini Jambiani, mwezi uliopita, nimelazimika kurudi nyuma sana kuliko hapo.

Mtembezaji wetu, kijana wa kijiji hicho hicho, alitutaka tufike mapema kabla jua halijapanda, na alikuwa na haki, kwa sababu njia ya kuelekea pangoni, umbali wa kilomita 2 na nusu hivi kutoka pwani, inapita maweni tupu. Huku hakufanani na upande wa magharibi wa kisiwa wenye udongo mzito na miti ya kivuli. Ni nchi ya matumbawe ya kale yaliyochongoka, vichaka vifupi, na udongo uliojificha ndani ya vishimo, ambamo mkulima hupanda mbegu chache chache. Hakuna mto wala kijito, kwa kuwa mvua ikinyesha maji huzama moja kwa moja kwenye jiwe. Kijana alisimama mbele ya ukuta wa mawe yaliyopangwa bila ya chokaa, akatueleza kwamba wazee waliujenga kuwazuia nguruwe wasiingie shambani. Kwa mawe yale alinifundisha mengi kuliko ramani yoyote niliyowahi kuitundika darasani.

Pango lenyewe ni kubwa, na ndani yake yamo maji matamu. Kwa nchi kavu kama ile, hiyo pekee inatosha kueleza kwa nini watu walilitafuta. Tulipofika mlangoni aliniambia, "Mwalimu, hapa tunazungumza polepole, watu wana nadhiri zao." Adabu hiyo niliipenda, kwa sababu pango hili halikuacha kuwa mahali pa ibada za wenyeji hata baada ya wataalamu wa mambo ya kale kuanza kulichimba. Profesa Felix Chami alilichimba mwaka 2005, na wengine wakafuatia. Waliyoyakuta yanaonyesha kwamba watu waliishi humo kiasi cha miaka 20,000 iliyopita, zama ambazo bahari ilikuwa chini zaidi ya mita 100 kuliko leo na Unguja ilikuwa imeungana na bara. Ndiyo maana mifupa ya punda milia na nyati imepatikana mahali ambapo leo ukimwona paa nunga umebahatika. Mtembezaji aliyasimulia hayo hatua kwa hatua, akitusimamisha kila mara tuangalie paa la pango na tabaka za udongo, na mzee mmoja tuliyekuwa naye alikaa juu ya jiwe akanyamaza kwa muda mrefu.

Nusu ya pili, kijijini na kwenye mashamba ya mwani, ilikwenda haraka mno. Kilimo hicho kilianza huku mwaka 1989, na wanawake wanaokiendesha walistahili kusikilizwa wenyewe badala ya kupigwa picha kwa mbali. Kurunzi zilikuwa mbili tu kwa watu tisa, na mteremko wa kuingilia unateleza. Lililoniuma zaidi ni karatasi ya maelezo, ambayo imeandikwa kwa Kiingereza na Kitaliana peke yake, ilhali sote tisa tulikuwa Wazanzibari.

Pamoja na hayo, naipendekeza safari hii kwa moyo mkunjufu, hasa kwa wazazi na walimu. Vaeni viatu vya kufunika, chukueni maji ya kutosha na kurunzi zenu. Mimi nimekwisha kuweka siku kwa ajili ya wanafunzi wangu, na mtembezaji amekubali tuiandike pamoja karatasi ya Kiswahili kabla hawajafika.