Tyuna ya FM ya zamani: kubadilisha kapasita zote au kupima kwanza?

Tyuna (kifaa cha kunasa stesheni za redio) ya miaka ya 1970 ikianza kuvuma au kuhamahama stesheni, wengi hukimbilia kubadilisha kapasita zote, yaani vile vipande vinavyohifadhi chaji ya umeme. Kwenye sehemu ya umeme ni sawa kabisa, maana za elektroliti, zenye kimiminika ndani, hukauka. Lakini ukigusa zile ndogo za upande wa kunasa masafa ya redio, unavuruga mpangilio wa kiwandani, na kuurudisha kunahitaji jenereta ya mawimbi ya megahezi 10.7, masafa ya ndani ya tyuna za FM.

Mimi napima kwanza: volteji, kisha vibanzi vya shaba vinavyogusa mhimili wa kapasita ya kutafutia stesheni. Vikichafuka, stesheni hurukaruka. Tone moja la dawa ya kusafishia swichi, zungusha mhimili mwanzo hadi mwisho, mara nyingi sauti inatulia bila kushika hata chuma cha kulehemu.