Tahadhari: Primula "za mwaka mzima" zinazouzwa kwenye magrupu yetu hapa Uingereza

Ndugu zangu mnaoishi Uingereza, hasa mlio kwenye magrupu ya WhatsApp ya Waswahili, naomba mnisome mpaka mwisho, kisha mumfikishie mama, shangazi au jirani ambaye hashindi mitandaoni. Kuna muuzaji anazunguka na matangazo ya maua ya primula ya vyungu. Anaandika Kiswahili safi, anaanza kwa salamu, anawaita wateja "mama" na "dada yangu". Picha zake zinavutia: petali za buluu iliyokolea, nyingine zenye rangi zote za upinde wa mvua. Ahadi yake ni kwamba haya ni maua ya ndani, yanachanua mwaka mzima, yawekwe sebuleni karibu na hita, yamwagiliwe mara moja kwa wiki. Chungu kimoja pauni 18, vitatu pauni 45, na pesa itumwe benki kwanza.

Tangazo hilo limejaa uongo, na chungu kimoja kimeshamuumiza mtu ninayemfahamu.

Mimi nafanya kazi kwenye kitalu cha maua, na kila mwaka kuanzia Januari primula ndizo tunazoshinda nazo mikononi. Ndiyo sababu mama mmoja wa kwetu, mtu mzima, aliyenunua vile vyungu vitatu, aliniita nikaviangalie. Jina la muuzaji silitaji kwa sababu analibadilisha pamoja na namba ya simu, na leo nikilitaja naweza kumchafulia mtu asiyehusika. Nitawaonyesha bidhaa yake ilivyo, mtaitambua hata akija kwa jina jipya.

Nianze na rangi. Primula za buluu zipo kweli, wakulima wa Ulaya wamezizalisha kwa miaka mingi, na kwa kawaida huwa na jicho la njano katikati ya ua. Hilo jicho ndilo la kutazama. Kwenye vyungu viwili kati ya vitatu vya mama yule jicho halikuonekana kabisa. Buluu ilikuwa imelifunika ua zima, ikashuka hadi kwenye kikonyo, na juu ya jani moja kulikuwa na vitone vidogo vidogo kama sakafu ya chumba kilichopakwa rangi kwa haraka. Nikalowesha tishu, nikasugua petali moja taratibu, tishu ikatoka buluu. Na matumba yaliyokuwa yamejificha chini ya majani yalipofunguka baadaye, yakafunguka meupe pe. Ni primula nyeupe za kawaida, zile ambazo dukani unapata kwa pauni moja au mbili, zimepuliziwa rangi.

Zile za upinde wa mvua hazipo. Zipo primula zenye michirizi, kwa mfano ya buluu na nyeupe inayouzwa kwa jina la Zebra Blue, na zipo za petali nyeusinyeusi zenye ukingo wa dhahabu, nzuri sana. Lakini ua moja lenye petali nyekundu, ya njano, ya kijani na ya zambarau kwa pamoja ni picha iliyochezewa kwenye kompyuta.

Sasa tuje kwenye ile "mwaka mzima karibu na hita", maana hapa ndipo wengi wanapolaumu mikono yao wenyewe bure. Primula ya kawaida, Primula vulgaris, ni ua la baridi. Hapa Uingereza inaota yenyewe porini, chini ya miti na kwenye kingo za wigo wa mashamba, na huchanua kuanzia Februari hivi hadi Mei, wakati sisi bado tumevaa makoti. Ukiiingiza ndani inataka nyuzi joto 10 hadi 15. Majumbani kwetu, tuliolelewa Pwani au Kinshasa, hita huwekwa nyuzi 21 au 22, na wengine zaidi. Kwenye joto hilo maua hunyauka haraka, majani huanza kuwa ya njano, na hewa ile kavu huleta utitiri mwekundu unaofuma utando mwembamba chini ya majani. Mama yule alikuwa amefuata maelekezo ya muuzaji neno kwa neno: chungu juu ya kibao, kibao juu ya hita. Aliniambia, "Mwanangu, labda mkono wangu haukubali maua." Mkono wake hauna kosa lolote. Amelima mchicha na mrehani maisha yake yote.

Nalo suala la maji mara moja kwa wiki si kweli. Primula ni mmea wenye kiu. Udongo ukikauka majani hulala chini yote kwa mpigo, na ukichelewa, matumba hayafunguki. Gusa udongo kila siku. Ukihisi umeanza kukauka juu, weka chungu kwenye bakuli la maji kwa nusu saa, kisha kitoe kichuje maji yote. Usikiache kisimame majini, mizizi itaoza. Usimimine maji katikati pale majani yanapoanzia, maana hapo ndipo kuvu wa kijivu anapokaa. Mahali pake ni dirisha lenye mwanga lakini lisilopigwa na jua kali, kwenye chumba kisicho na moto. Kibaraza cha mbele chenye vioo panafaa kuliko sebule. Ng'oa maua yaliyokufa pamoja na vikonyo vyake, na kila baada ya wiki mbili mpe mbolea ya maji iliyozimuliwa nusu ya kipimo cha kwenye chupa.

Ikimaliza kuchanua usiitupe. Ipande nje kwenye kivuli cha wastani, kwenye bustani au chungu kikubwa cha roshani, na mwaka unaofuata huwa inarudi. Primula malacoides, ile yenye maua madogo madogo yaliyopangwa ghorofa kwa ghorofa kwenye kikonyo kirefu, yenyewe ni ya msimu mmoja, ikimaliza imemaliza. Muuzaji mkweli atakueleza hivyo kabla hujalipa.

Hadi hapo hasara ni ya pesa. Chungu cha tatu ndicho kilichonifanya niandike.

Kile kilikuwa Primula obconica. Majani yake ni mapana ya mviringo, yamebonyea kidogo pale yanaposhikana na kikonyo, na jani na kikonyo vyote vina vinyweleo vifupi laini unavyoviona ukiinua chungu kwenye mwanga. Maua hukaa kwa shada juu ya kikonyo, ya waridi, ya zambarau isiyokolea au meupe. Ni mmea mzuri, unavumilia ndani kidogo kuliko wenzake na unaweza kuchanua miezi mingi, nadhani hapo ndipo muuzaji alipookota ile "mwaka mzima". Ila vinyweleo vile vina kemikali inayoitwa primin, na primin huwasha ngozi. Si kila mtu, na mara nyingi si siku ya kwanza. Mwili hujifunza kuikataa baada ya kuguswa tena na tena, halafu siku moja upele unatoka, pengine siku moja au mbili baada ya kushika mmea, kiasi kwamba hata huunganishi mambo hayo mawili.

Mama alikuwa na malengelenge yaliyojipanga mstari katikati ya vidole, na kope za jicho moja zimevimba kwa sababu alijifikicha. Alidhani ni sabuni ya vyombo. Akaibadilisha, upele ukabaki, kwa sababu kila asubuhi alikuwa anaondoa majani makavu kwa vidole vitupu.

Jambo hili si siri kwa wauza maua. Mmea huu uliletwa Ulaya kutoka China mnamo miaka ya 1880, na habari za kuwasha ngozi zikaanza kuandikwa kabla karne ya 19 haijaisha. Wazalishaji wamehangaika mpaka wakapata aina zisizo na primin, na zimeandikwa wazi kwenye lebo: Touch Me ni mojawapo, Libre ni nyingine. Ukiipenda obconica, nunua hizo. Chungu cha mama hakikuwa na lebo yoyote. Kilikuwa na kipande cha gundi ubavuni, mahali ambapo lebo ilibanduliwa.

Hiyo lebo iliyobanduliwa ni ushahidi mkubwa. Mfanyabiashara anayeuza mimea kwa mtandao na kuituma kwa posta hapa Uingereza anatakiwa aitume ikiwa na pasipoti ya mmea, yaani kikaratasi chenye maneno "UK Plant Passport" na herufi A, B, C, D: jina la mmea kwa Kilatini, namba ya usajili wa muuzaji au mkulima, namba ya kufuatilia shehena, na nchi ulikotoka. Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji akutumie picha ya kikaratasi hicho kikiwa kwenye chungu chako. Aliye halali atakutumia. Huyu ninayemsema, mama alipomuuliza mmea unaitwaje, alijibu "primula ya kifalme", halafu akamzuia WhatsApp.

Kuhusu pesa, nimeona jinsi alivyopiga hesabu zake. Tangu tarehe 7 Oktoba 2024 benki za Uingereza zinatakiwa kumrudishia mteja aliyetapeliwa akatuma pesa mwenyewe kwa benki, hadi pauni 85,000. Lakini kanuni inaruhusu benki ikate mpaka pauni 100 za mwanzo kwenye dai. Sasa chukua pauni 45, toa 100. Kitu cha pili, kanuni hiyo ni ya utapeli, haihusu ugomvi wa kawaida kati ya mnunuzi na muuzaji, na ndiyo maana naamini huyu hutuma chungu chochote badala ya kutotuma kabisa: benki ikiuliza, bidhaa ilifika.

Hata hivyo piga simu. Namba 159 inakuunganisha na benki nyingi za hapa moja kwa moja. Si kila benki inakata zile pauni 100, na mteja ambaye umri, ugonjwa au hali yake ilimfanya iwe rahisi kutapeliwa hapaswi kukatwa. Sema wazi kama mzazi wako yuko kwenye hali hiyo. Siku nyingine lipa kwa kadi, kwa sababu malipo ya kadi unaweza kuiomba benki iyapinge bidhaa isipolingana na maelezo. Na mfanyabiashara yeyote, awe anauza kwa Kiswahili au kwa Kiingereza, anabanwa na sheria ya haki za mteja ya 2015: kitu kisipofanana na kilivyotangazwa, una siku 30 za kukikataa na kudai pesa yako yote. Kwa ushauri wa bure, Citizens Advice wana simu ya wateja, 0808 223 1133.

Nasikia sasa ameingia kwenye mbegu: pakiti ya "upinde wa mvua, itachanua baada ya wiki nne". Mbegu za primula ni punje ndogo sana, zinahitaji mwanga ili ziote, na joto likizidi nyuzi 20 nyingi hugoma. Kutoka kupanda hadi kuona ua ni miezi, si wiki. Pakiti ikitoka nje ya nchi bila cheti cha afya ya mimea, usiipande. Mwaka 2020 watu wengi Marekani walipokea mbegu wasizoagiza, nyingi zikionekana kutoka China, na wizara ya kilimo ya huko ikawataka wasizipande wala wasizitupe ovyo, kwa hofu ya magugu na magonjwa.

Kwa anayetaka kweli ua la kuchanua kwenye sebule yenye joto, lipo, na ni la kwetu. Ua la Usambara, Saintpaulia, asili yake ni misitu ya milima ya Tanzania na Kenya. Afisa wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, ndiye aliyelipeleka Ujerumani, na mwaka 1893 Hermann Wendland akalipa jina hilo. Linapenda nyuzi 18 hadi 24, yaani joto lilelile tunalolipenda sisi, na likitunzwa huchanua karibu mwaka mzima. Madukani hapa ni bei ya kawaida tu.

Mliokwisha kununua kwa mtu huyu, hifadhini sanduku, risiti ya benki na picha za mazungumzo kabla hajazifuta. Aliyegusa majani ya vinyweleo akawashwa, aoshe mikono kwa sabuni na maji, asiguse macho, aende kwa mfamasia au daktari. Uso ukivimba piga 111, na ukianza kupumua kwa shida piga 999. Mwambie daktari jina Primula obconica, ataelewa mara moja. Mmea wenyewe msimpe jirani wala msiupeleke duka la hisani. Vaa glavu, kifunge chungu chote ndani ya mfuko wa plastiki, kitie kwenye pipa la taka za kawaida, kisha ufute kibao au dirisha kilipokuwa kimekaa.